Trei za mayai hazizuii lori: uhakiki wa studio ya chumba kimoja pale Kifaru

Hapa kwetu tumezoea kuhakiki vitabu, filamu za sayansi na app za simu. Leo nahakiki chumba. Kiko Kifaru, kule tambarare chini ya milima ya Upare Kaskazini, si mbali na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha. Ni studio ya kurekodi sauti: chumba kimoja, maiki moja, laptopu moja, taa za rangi, na kuta zilizojaa trei za mayai. Jina lake silitaji, na sina haja ya kulitaja, kwa sababu chumba hiki unakijua hata kama hujawahi kushuka Kifaru. Kipo Same, kipo Mbagala, kipo Kisumu. Badilisha rangi ya mlango tu, mengine ni yaleyale.

Kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa nyimbo, kwaya na matangazo ya maduka. Kwa kazi hizo sina ugomvi nacho. Kilichonifanya niandike ni kazi mpya iliyoingia. Siku hizi kuna vijana wanaowateremsha babu na bibi zao kutoka Ugweno na Usangi waje wasimulie pale: hadithi, methali, nasaba, majina ya miti ya dawa, kwa Chasu na kwa Kigweno. Nimepewa saa kadhaa za rekodi hizo nizisikilize. Masimulizi ni mazuri mno. Sauti ni mbaya. Na ubaya wake hautokani na maiki.

Hoja yangu ni hii: studio hii imewekeza kwenye vitu vinavyoonekana na kusahau kitu chenye nguvu kuliko vyote kwenye rekodi, yaani chumba chenyewe. Kwa msanii wa miaka ishirini na mbili, hasara yake ni kurudi kesho na kurudia. Kwa bibi wa miaka themanini na tano ambaye ameletwa kwa gari la kuazima, huenda kesho hiyo isiwepo.

Nyimbo zinatoka safi, kwa nini hadithi zisitoke?

Hili ndilo swali ambalo prodyuza aliniuliza, na ni swali halali. Kanicheza nyimbo zake tatu na kweli zimetulia.

Jibu ni kwamba wimbo una mahali pa kujifichia. Biti ikishaingia, besi na ngoma hufunika kelele ndogondogo zote za chumba. Msanii anaimba akiwa ameikaribia maiki kama anataka kuila. Sauti yake inarekodiwa mara mbili au tatu na kupandanishwa. Halafu mwisho prodyuza mwenyewe anaongeza mwangwi wa kompyuta juu yake. Kwa hiyo ule mwangwi mbaya wa chumba unazikwa chini ya ule mzuri wa kununua.

Bibi anayesimulia hana biti. Anakaa kwenye kiti, anageuza kichwa, anacheka, anashusha sauti akifika penye siri. Kati ya sentensi na sentensi kuna ukimya, na kwenye ukimya huo ndipo chumba kinapojianika: feni, friji ya duka la jirani, lori linalobadili gia, na mkia wa neno lililopita ambao haujaisha. Studio iliyofaulu mtihani wa muziki haijafaulu bado mtihani wa sauti tupu. Ni mitihani miwili tofauti.

Trei za mayai zinafanya nini hasa

Tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuzuia sauti ya nje isiingie. Ya pili ni kunyonya sauti ya ndani isirudi kutoka ukutani. Ni fizikia mbili, na kifaa cha kazi moja mara nyingi hakisaidii kazi nyingine.

Kuzuia sauti ni suala la uzito. Kanuni ya jumla ni kwamba ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili, unapata takriban desibeli 6 za ziada. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita una zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Trei za mayai za kufunika mita hiyo moja zina uzito wa karibu kilo moja. Piga hesabu: ulichoongeza hakifiki hata sehemu ya kumi ya desibeli moja. Lori halijui kama umebandika trei.

Tena kwenye chumba hiki ukuta haukuwa tatizo tangu mwanzo. Tatizo ni mlango wa mbao wenye upenyo chini, dirisha lisilofunga vizuri, na nafasi kati ya ukuta na bati. Sauti ni kama maji, itapita penye tundu. Tundu lenye eneo la asilimia 1 tu ya ukuta linatosha kuubana ukuta huo usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ukiujenga kwa chuma. Mpira wa kuziba mlango na boriti moja ya kuziba juu ya ukuta vingefanya kazi kuliko trei mia mbili.

Je, zinanyonya mwangwi? Kidogo, na hapo ndipo zinapoharibu. Kitu cha kunyonya sauti kinatakiwa kiwe na vitundu vingi vinavyopitisha hewa, na kiwe kinene. Hewa inapotikisika ndani ya vitundu inasuguana na nyuzi, na nguvu ya sauti inageuka kuwa joto dogo sana. Unene unaotakiwa unafuata urefu wa wimbi, na kinyonyaji hufanya kazi vizuri kikifika karibu robo ya wimbi. Kwenye joto la nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Kwa hiyo robo ya wimbi la herzi 4,000 ni sentimita 2 na kidogo. La herzi 1,000 ni karibu sentimita 9. La herzi 100 ni sentimita 87. Trei ni karatasi nyembamba yenye matuta. Inagusa kiasi sauti za juu, za chini inaziacha zilivyo. Matokeo yake ni ile sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa: ukali umepungua, mngurumo umebaki. Ukipiga kofi mle ndani husikii tena ule mlio wa "ting", basi unadhani chumba kimepona. Hakijapona, kimefunikwa kidonda.

Sabine na magodoro ya Kifaru

Hesabu ya jambo hili ina zaidi ya miaka mia, na ilianza kwa mito ya kukalia. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, Marekani, aliombwa atibu ukumbi mpya wa mihadhara ambao wanafunzi walikuwa hawasikii kitu. Neno moja lilikuwa linaning'inia hewani kama sekunde 5 na nusu. Usiku alikuwa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, anaiweka kwenye ukumbi mgonjwa, anapuliza filimbi ya kinanda, na kupima kwa saa ni muda gani sauti inachukua kufa. Akiongeza mito, muda unapungua. Asubuhi mito inarudi kwake.

Kutokana na usiku ule tulipata kanuni ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuitumia: chukua 0.161, zidisha kwa ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji. Jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60, yaani kupotea kabisa.

Chumba chetu kina mita 3 kwa mita 3.6, na urefu wa mita 2.7. Ujazo wake ni kama mita 29 za ujazo. Kuta, sakafu na dari kwa jumla ni mita 57 za mraba. Plasta laini inanyonya kama asilimia 3 ya sauti inayoigonga. Tukikadiria sehemu zote ni ngumu namna hiyo, unyonyaji ni 1.7 hivi, na jibu ni sekunde 2.7. Meza, dirisha na watu watapunguza, lakini hapo ndipo tunapoanzia.

Sekunde 2.7 ina maana gani kwa msimulizi? Mtu akiongea kawaida hutoa kama silabi 5 kwa sekunde. Silabi moja ikishatoka, nyingine inafuata baada ya sekunde 0.2. Ndani ya muda huo, mwangwi wa ile ya kwanza umeshuka desibeli 4 na nusu tu. Yaani silabi ya pili inaikuta ya kwanza bado imekaa kwenye kiti, haijanyanyuka.

Sasa lete magodoro matatu ya sponji ya inchi nne, futi nne kwa sita. Hizo ni kama mita 6.7 za mraba. Kama sponji yake inapitisha hewa vizuri (weka mdomo upulize, ukihisi pumzi upande wa pili, inafaa), tuhesabu inanyonya asilimia 80. Ongeza mita 6 za mablanketi mazito au nguo zilizotundikwa, asilimia 50. Unyonyaji unapanda hadi 10. Jibu linashuka hadi chini kidogo ya nusu sekunde. Na sasa, silabi ya pili inapofika, ya kwanza imeshuka kama desibeli 25. Imeshaaga na kuondoka.

Usibandike godoro moja kwa moja ukutani. Liache sentimita 10 kutoka kwenye ukuta. Hewa iliyopo nyuma inafanya kazi ya unene wa bure: godoro la sentimita 10 na nafasi ya sentimita 10 ni sentimita 20, robo ya wimbi la herzi 440 hivi. Umeshuka mpaka kwenye masafa yenye nyama ya sauti ya binadamu, bila kuongeza hata shilingi.

Unabaki mngurumo wa chini. Kila chumba kina mlio wake, kama chupa unayoipuliza. Upana wa mita 3 unapenda herzi 58 na vizidishi vyake, 116 na 174. Urefu wa mita 3.6 unapenda 48, 97 na 145. Msingi wa sauti ya mwanaume mtu mzima upo katikati ya hapo hapo, takriban herzi 85 hadi 180. Ndiyo maana kwenye rekodi moja babu anasikika vizuri, halafu neno fulani linavimba ghafla kana kwamba kasogezewa spika. Hilo halitibiwi na kitu chembamba. Linataka unene wa kweli kwenye kona. Na kitu kinene, chenye nyuzi na cha bei nafuu Tanzania kipo kila gulio: robota la mitumba. Mawili kwenye kona mbili, usiyafungue, yaweke yalivyo. Katani nayo inalimwa kwenye ukanda huu huu wa tambarare za Upare, na nyuzi zake ni kinyonyaji kizuri zikirundikwa nene. Sufi pia. Ila angalizo moja si la mzaha: sponji, sufi na pamba vinashika moto haraka, na studio hizi zina nyaya za kuungaunga. Weka nyaya mbali, na mlango usizibwe na robota.

Chasu, Chathu, na app ya kusafisha

Mtu atasema: wewe unadai usafi wa maabara, sisi tunataka wajukuu wasikie tu. Sawa. Lakini wasikie nini?

Anza na jina la lugha yenyewe. Kwa wengine ni Chasu, kwa wengine linasikika Chathu. Tofauti yote ipo kwenye konsonanti moja, "s" au "th". "S" ni mfoko wa hewa wenye nguvu kubwa kuanzia herzi 4,000 hivi kwenda juu. "Th" ni mfoko dhaifu uliotawanyika. Laini ya simu ya zamani ilikuwa inapitisha herzi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana mtu akikutajia jina geni kwenye simu unamwambia alitaje herufi kwa herufi. Rekodi ikipoteza eneo hilo la juu, mjukuu hataweza kujua bibi yake alikuwa anasema hivi au vile. Atabaki kubahatisha utambulisho wa bibi yake.

Kisha kuna toni. Chasu ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana, si mapambo. Mwangwi ukichukua mkia wa silabi ya juu na kuulaza juu ya silabi ya chini, sikio la mzawa linaweza kukisia, lakini programu ya kupima toni inachanganyikiwa, na mtafiti wa miaka hamsini ijayo ambaye hana mzawa wa kumuuliza atachanganyikiwa zaidi.

Na Kigweno kina haraka kuliko Chasu. Kipo Upare, lakini wanaisimu wanakiweka karibu na lugha za Kichaga kuliko Chasu. Gérard Philippson na Derek Nurse walipokiandikia mwaka 2000 walikiita lugha isiyojulikana sana, na vijana wengi wa Ugweno wamehamia Chasu na Kiswahili. Kwa lugha ya namna hiyo, rekodi ya studio ndogo ya Kifaru si kumbukumbu ya familia pekee. Inaweza kuwa sehemu ya ushahidi mchache utakaobaki wa namna lugha ilivyotamkwa.

Sasa hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa studio yetu. Rekodi zote nilizopewa zilipitishwa kwenye programu ya kusafisha sauti. Feni imeondoka, kweli. Lakini programu hizi zinakisia kelele ni nini, na "s", "f" na "th" kwa kompyuta zinafanana sana na kelele: ni mfoko wa hewa usio na mpangilio. Kwenye sehemu kadhaa zimenyofolewa pamoja na feni. Mahali lori lilipopita, programu imekula nusu ya sentensi na kuacha sauti ya mtu kama anaongea chini ya maji. Tena programu nyingi zimefunzwa kwa lugha kubwa za dunia. Hakuna aliyeziambia kwamba Wagweno wapo.

Halafu, na hili ndilo lililoniuma kuliko yote, faili la asili lilifutwa ili kupata nafasi kwenye laptopu. Kilichobaki ni MP3 iliyotumwa kwa WhatsApp. Saa moja ya sauti ghafi, chaneli moja, sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, inachukua karibu megabaiti 520. Memori kadi ndogo tu inabeba saa kadhaa za bibi. Safisha nakala ukitaka, ipambe, iwekee na muziki wa filimbi. Ila ghafi usiiguse, na iwe sehemu mbili. Kusafisha kunaweza kurudiwa mwaka 2050 kwa programu bora. Kilichofutwa hakirudiwi.

Maiki iko mbali na mzee

Maiki ya studio hii ni kondensa nzuri tu. Iko kwenye stendi, imewekwa nusu mita au zaidi mbele ya msimulizi, kwa sababu wazee wengi hawapendi kitu kiwakalie usoni. Nawaelewa. Lakini fizikia haina heshima ya mtu.

Katika kila chumba kuna umbali ambapo sauti ya mdomo na sauti ya kuta zinalingana nguvu. Ukivuka hapo, maiki inasikia chumba kuliko mtu. Kwa chumba kitupu nilichokipigia hesabu hapo juu, umbali huo ni kama sentimita 19 kwa maiki inayosikia pande zote. Baada ya magodoro unakuwa kama sentimita 45. Maiki inayosikia upande mmoja inakuongezea kidogo, lakini nusu mita kwenye chumba kile ni kumrekodi ukuta, na mzee akiwa mgeni.

Dawa ni maiki ndogo ya kubana kwenye kola au kwenye mtandio, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Ukitoka sentimita 60 ukafika 15, sauti ya moja kwa moja inapanda desibeli 12 wakati mwangwi wa chumba umebaki palepale. Hakuna trei ya mayai itakayokupa hiyo. Tena mzee anaisahau baada ya dakika tano, anageuza kichwa anavyotaka, anaongea na mjukuu wake badala ya kuongea na chuma.

Mafundi wengine watakuambia ununue maiki ya dainamiki kwa sababu "haisikii chumba". Ina ukweli nusu. Watu huitumia wakiwa wameisogelea sana, ndiyo maana chumba hakisikiki. Iweke nusu mita, nayo itasikia chumba kama nyingine. Kinachofanya kazi hapo ni umbali.

Joto nalo ni sehemu ya akustika

Kifaru si Usangi. Huku chini kuna joto kavu na upepo. Ukiziba kila tundu ili lori lisiingie, na kujaza magodoro na mitumba, umejenga tanuri, halafu unamwingiza mtu wa miaka themanini aliyezoea baridi ya mlimani. Ukiwasha feni, feni imo kwenye rekodi. Mvua ikinyesha kwenye bati, kazi imekwisha.

Kwa hiyo ratiba ni kifaa cha studio kama maiki ilivyo. Rekodi alfajiri, vipande vya dakika ishirini, kisha fungua dirisha, washa feni, mpe maji. Tumia laptopu kwa betri, uondoe ule mlio wa umeme wa herzi 50 unaoingia kupitia chaja mbovu. Lori likipita katikati ya hadithi, usimkatize. Msubiri afike kituo chake, kisha muombe kwa adabu arudie ile sehemu; mara nyingi atairudia na kuongeza jambo.

Na kuna swali ambalo studio hii haikujiuliza: kwa nini umteremshe kabisa? Mwangwi unahitaji kuta. Mgombani hakuna kuta. Sauti ikitoka inakwenda, isipokuwa kidogo inayorudi kutoka ardhini, na majani na udongo laini vinapunguza hata hiyo. Hugh Tracey aliyezunguka Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi muziki alifanya kazi yake nyingi nje, maiki mkononi, karibu na mpigaji. Adui wa nje ni upepo, jogoo na bodaboda. Upepo unazuilika kwa kofia ya manyoya juu ya maiki na kwa kuchagua saa. Jogoo, kusema kweli, mvumilie. Yeye haachi mkia wa sekunde 2.7 juu ya kila silabi. Kinasa sauti kidogo cha betri na maiki ya kola, chini ya migomba ya Ugweno saa moja asubuhi, vingenipa rekodi bora kuliko hizi nilizosikiliza, na bibi angekuwa nyumbani kwake.

Hukumu

Mhakiki akikosoa tu anakuwa mlalamishi, kwa hiyo niseme na mazuri. Prodyuza huyu hawatozi wazee hela. Anazima muziki jirani kwa maelewano, anasubiri, anawaamkia vizuri, na hawaharakishi. Kuna rekodi ya dakika arobaini ambapo bibi mmoja anataja miti, anapotea, anarudi, na hakuna hata mara moja anakatizwa. Subira hiyo huwezi kuinunua, na watafiti wengine wenye vifaa vya chuo hawana. Ndiyo sababu naona chumba hiki kinastahili kurekebishwa badala ya kudharauliwa.

Kama hela ipo ya jambo moja tu, nisingeigusa maiki. Ningenunua maiki ya kola na memori kadi. Hela ya jambo la pili ingekwenda kwenye mpira wa mlango na magodoro matatu. Trei zibandue pole pole, umrudishie muuza mayai.

Na kabla msimulizi hajaanza, rekodi sekunde thelathini za ukimya, watu wote wakiwa wametulia. Halafu taja kwa sauti tarehe, mahali, jina la msimulizi kama ameridhia litajwe, na lugha atakayoongea. Zile sekunde thelathini ni kipimo cha chumba. Yeyote atakayetaka kuondoa kelele baadaye atazihitaji. Yale maneno ya utangulizi ni ya mtu ambaye bado hajazaliwa, ambaye siku moja atafungua faili hilo akitaka kujua kama nyanya yake alisema "s" au "th".